Aina za sentensi za Kiingereza: acha kukariri majina, anza kuhesabu vitenzi

Ukimuuliza mtu aina za sentensi za Kiingereza atakutajia haraka haraka sahili, ambatano, changamano, na ile ya nne ambayo ni ambatano na changamano kwa pamoja, anazijua zote, mtihani alifaulu, lakini mpe sentensi ya mistari mitatu kutoka kwenye mkataba au ripoti uone anavyoisoma mara nne na bado hajui nani kafanya nini. Majina hayana ubaya ila hayasomi sentensi kwa niaba yako. Kinachosaidia ni kuhesabu vitu viwili tu, vitenzi vyenye wakati na viunganishi vyake, na ukishazoea hiyo hesabu utaona inakusaidia kusoma, inakusaidia kuandika, na makosa mengi tunayofanya sisi tunaotoka kwenye Kiswahili inayakamata yenyewe.

Ntatumia maneno ya sarufi ya darasani, kiima, shamirisho, kishazi na wenzake, ila ukiwa umeyasahau endelea tu maana yatajieleza yakiwa kazini.

Kwanza elewa kwamba nafasi ndo kila kitu

Kitenzi cha Kiswahili kinajitosheleza. Ukisema "amemwona" umeshamaliza, humo ndani kuna aliyeona, kuna aliyeonwa, kuna wakati na kuna tendo lenyewe. Ndo maana tunaweza kuyazungusha maneno tunavyotaka, "mwalimu ameviweka vitabu mezani", "vitabu mwalimu ameviweka mezani", "vitabu ameviweka mezani mwalimu", msikilizaji hapotei kwa sababu ile "vi" inamwonyesha kilichowekwa ni kipi hata ukikitupa mwanzoni. Kiingereza hakina huo uhuru. Nomino yake haibadiliki sura ikiwa inatenda au inatendwa, kitenzi hakimbebi mtendwa tumboni, kwahiyo kinachobaki cha kuonyesha nani kamfanyia nani ni nafasi ya neno basi. "The dog bit the man" na "The man bit the dog" ni maneno yaleyale matano, kilichohama ni nafasi, na aliyeng'atwa amebadilika.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na miisho kwenye nomino inayoonyesha kazi ya neno, na mpangilio wake ulikuwa huru kuliko wa leo. Miisho ikachakaa karne kwa karne, na kadiri ilivyopotea ndo nafasi ikazidi kubebeshwa mzigo. Mabaki yake unayaona kwenye "he" na "him", "she" na "her", "they" na "them", ambako neno lenyewe bado linakwambia kama linatenda au linatendwa.

Sasa kutokana na hilo kuna sheria moja ngumu kabisa, kiima, yani yule au kile kinachobebwa na kitenzi, lazima kionekane, ukiacha amri kama "Tell me", hata pale ambapo hakuna chochote cha kukiweka. Sisi tunasema "inanyesha" na "kuna tatizo", Mwingereza analazimika kutafuta neno tupu la kukalia kile kiti, "It is raining", "There is a problem". Hiyo "it" hainyeshi na hiyo "there" haionyeshi mahali popote, zipo kushika nafasi tu. Mtu akiandika "Is raining" ujue ametafsiri kitenzi cha Kiswahili akadhani kiima kimo ndani. Na kuna kosa la upande wa pili, kuweka kiima mara mbili, "My brother he called me", hili nalo linatoka hukohuko maana "kaka yangu alinipigia" ina "kaka" na ina "a", mtu anazihamisha zote mbili. Kwenye maandishi chagua moja, "My brother called me".

Baada ya kiima na kitenzi, kinachofuata kinaamuliwa na kitenzi chenyewe. Vitabu vingi vya sarufi vinahesabu mifumo saba, sitaipitia yote maana mingi unaitumia tayari bila kujua. "The baby slept" haihitaji kitu. "She opened the window" inahitaji kitu kilichofunguliwa. "The plan sounds good" kitenzi kinakiunganisha kiima na sifa yake, ndo maana ni "good" na sio "well", unausifia mpango wenyewe. "She put the phone on the table" inataka kitu na mahali vyote viwili, ukiishia kwenye "She put the phone" msomaji anabaki anasubiri. "The news made him angry" ina mtu na hali aliyoingia.

Mfumo unaotusumbua zaidi ni ule wa vitu viwili. "She gave me the key" mpokeaji anatangulia na hana neno lolote mbele yake, "She gave the key to me" mpokeaji ameenda nyuma kwahiyo anadai "to". Hapo sawa. Tatizo ni kwamba sio kila kitenzi kinakubali njia zote mbili. Kiswahili kinakuruhusu kusema "nieleze tatizo" kwa hiyo mtu anaandika "Explain me the problem", lakini "explain" inakubali njia ya pili tu, "Explain the problem to me". "Say" na "describe" tabia zao ni hizohizo. Hapa hakuna kanuni tamu ya kukupa, ukijifunza kitenzi kipya jifunze na kinachokifuata, ndani ya sentensi nzima, usikibebe peke yake kama jiwe.

Hesabu ya kwanza: vitenzi vyenye wakati

Hapa ndo penyewe. Sentensi ya Kiingereza inaweza kuwa na maneno mengi yenye sura ya kitenzi lakini yenye wakati ndani yake ni machache, na ni hayo tu yanayotengeneza kishazi, yani kipande chenye kiima na kitenzi chake. Angalia hii:

"The woman living next door wants to sell the car parked outside."

Kuna "living", kuna "wants", kuna "sell", kuna "parked". Vinne, na mtu akiwa mgeni anaanza kuhangaika na vyote. Fanya hivi, ipeleke sentensi nzima jana uone kipi kinatikisika: "The woman living next door wanted to sell the car parked outside." Kimetikisika kimoja tu, "wants" imekuwa "wanted", wengine wamekaa vilevile. Basi sentensi hii ina kitenzi kimoja chenye wakati, kwahiyo ina kishazi kimoja, kwahiyo ni sentensi sahili ingawa ina maneno kumi na mawili. Urefu hauna uhusiano wowote na aina ya sentensi, hilo liandike pembeni kabisa.

Vinavyokudanganya ni vya aina tatu, chenye "-ing" kikiwa peke yake, chenye "to" mbele yake, na ile sura ya tatu ya kitenzi kama "written" au "parked" ikiwa haina msaidizi. Vikipata msaidizi mambo yanabadilika, "is living", "has sold", "will have been sold", hapo kundi zima unalihesabu kama kitenzi kimoja kwa sababu msaidizi wa kwanza ndiye aliyebeba wakati na wengine wanamfuata tu. Hata "would have been waiting", maneno manne, ni kitenzi kimoja.

Kwenye "-ed" ndo kuna mtego wa kweli, maana "parked" ya wakati uliopita na "parked" ya kutendwa zinafanana herufi kwa herufi. Dawa yake ni kuweka kwa muda kitenzi kingine ambacho sura zake zinatofautiana, "took" na "taken", "wrote" na "written", "chose" na "chosen". Kwenye "the car parked outside" ukijaribu utasema "the car taken outside", haiwezi kuwa "took" kwa sababu gari halikuchukua kitu, basi hiyo "parked" haina wakati.

Wanaosomea lugha wana sentensi yao maarufu ya huu mtego, ilitolewa na Thomas Bever mwaka 1970 na mpaka leo inawapiga chenga hata waliozaliwa na Kiingereza: "The horse raced past the barn fell." Unasoma vizuri kabisa, farasi alikimbia akalipita ghala, halafu unagonga "fell" na kila kitu kinavunjika. Weka kitenzi kingine pale, "The horse ridden past the barn fell", mara moja unaona, farasi yule aliyekuwa akiendeshwa kupita ghala ndiye aliyeanguka. Kitenzi chenye wakati ni kimoja, "fell". Akili ya msomaji inadaka kitenzi cha kwanza inachokutana nacho, hiyo ndo shida ya sentensi ndefu zote, na ndo maana kabla ya kutafsiri chochote inabidi ujue kipi ni kitenzi kweli na kipi kimevaa tu nguo zake.

Faida nyingine ya kufikiri hivi, inakueleza kwa nini "Did she went?" na "He didn't went" ni makosa. Wakati unabebwa mara moja kwa kila kishazi. "Did" ameshaubeba, kwahiyo kinachomfuata kinarudi kwenye umbo lake la kawaida, "Did she go?", "He didn't go". Ukishaelewa hilo huna haja ya kukariri.

Hesabu ya pili: viunganishi

Idadi ya viunganishi ni idadi ya vitenzi vyenye wakati kutoa moja. Ni kama mabehewa, matano yanahitaji viungio vinne, ukiweka vitatu behewa moja linabaki njiani na ukiweka vitano kimoja kinaning'inia hewani. Ukiandika sentensi halafu hesabu ikagoma, karibu mara zote kuna kosa, na ukisoma sentensi hesabu ikagoma, kuna kiunganishi kimejificha.

Viunganishi vyenyewe viko vya namna mbili kubwa. Kuna vile vinavyounganisha vishazi vyenye hadhi sawa, viko saba, "for, and, nor, but, or, yet, so", walimu wanachukua herufi za mwanzo wanapata FANBOYS, ikikusaidia itumie. Halafu kuna vile vinavyokigeuza kishazi kuwa tegemezi, yani kisiweze kusimama peke yake kama kishazi huru, hivi ni vingi, "because, although, if, when, while, since, until, unless, before, after", pamoja na "who, which, that, whose, what, where, why, how, whether" vinapokuwa katikati ya sentensi vikiunganisha. Semikoloni nayo ihesabu, ina nguvu ya kuunganisha vishazi viwili bila neno.

Koma haihesabiwi. Nasema tena, koma haina nguvu ya kubeba vishazi viwili huru peke yake, na hili ndo kosa namba moja kwenye maandishi ya watu wengi, kuanzia barua za kazi mpaka meseji. Chukua "The bus was late, we missed the meeting." Vitenzi viwili, "was" na "missed", viunganishi sifuri. Unairekebishaje? Njia ziko kadhaa na ukiziangalia utaona ndo zile aina za sentensi zinajitokeza zenyewe. Weka nukta, "The bus was late. We missed the meeting", una sahili mbili. Weka cha hadhi sawa, "The bus was late, so we missed the meeting", hiyo ambatano. Weka cha kutegemeza, "Because the bus was late, we missed the meeting", hiyo changamano. Ongeza na meneja, "Because the bus was late, we missed the meeting, and the manager was angry", vitenzi vitatu viunganishi viwili, kimoja cha kila namna, na hiyo ndo ile aina ya nne inayotisha watu bure.

Wanaofanana na viunganishi lakini sio ni "however", "therefore", "moreover" na ndugu zao. "It was late, however we continued" bado ina viunganishi sifuri, "however" ni neno la kupambia tu, linaweza kuhama likakaa hata mwishoni, kiunganishi halisi hakihamihami hivyo. Andika "It was late; however, we continued", semikoloni ndo iliyofanya kazi.

Upande wa pili ni kuzidisha. "Although he was sick, but he came." Kwenye Kiswahili tunasema "ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikuja" na hakuna anayeshtuka, kwa hiyo mkono unaandika hivyohivyo. Hesabu, vitenzi viwili, viunganishi viwili, kimoja kimezidi, toa chochote unachotaka, "Although he was sick, he came" au "He was sick, but he came". "Because it rained, so we stayed" ugonjwa ni uleule. Na kuandika "Because I was tired." halafu ukaweka nukta pia hesabu inakukamata, kitenzi kimoja kinahitaji viunganishi sifuri na wewe umeweka kimoja. Kwenye kuchati sawa, watu wote wanaandika hivyo, kwenye barua ya maombi ya kazi hapana.

Kanuni hii ina sehemu mbili tatu za kuangalia. Orodha, kwa mfano "He came, waited and left", ina vitenzi vitatu na "and" moja, pale koma imekubaliwa kwa sababu orodha inasubiri "and" ya mwisho. Pia "She packed her bags and left" ina vitenzi viwili na kiunganishi kimoja, hesabu iko sawa, lakini walimu wengi wataiita sahili kwa sababu kiima ni kimoja kinachotumika mara mbili, ndo maana huwa hawaweki koma kabla ya hiyo "and". Mimi sioni haja ya kukosa usingizi kwa jina lake.

Kiunganishi kikijificha

"The book I bought is missing." Vitenzi viwili, kiunganishi hakuna, na sentensi ni sahihi kabisa. Kilichotokea ni kwamba "that" imemezwa. Sisi hatuwezi kuimeza, "kitabu nilichonunua" ile "cho" lazima iwepo, kwahiyo macho yetu hayajazoea kuitafuta. Dalili yake ni nomino mbili, au nomino na kiwakilishi, kugusana bila koma na bila sababu ya kuwa pamoja: "the book I", "the people we", "the house my father". Ukiona hivyo ingiza "that" kimyakimya katikati na uendelee kusoma. Vilevile "I think he knows" ni "I think that he knows".

Ile inayofuata nomino, kama ya kitabu, inamezwa pale tu ambapo sio kiima cha kitenzi chake. Kwenye "The man who called me is here" huyo "who" ndiye aliyepiga, ni kiima, na kiima tulishasema lazima kionekane, kwahiyo "The man called me is here" haisimami.

Na ukiiweka hiyo "which" au "that" usimrudie mtendwa tena. "The book which I bought it" ni Kiswahili kimevaa suti, imetoka kwenye "kitabu nilichokinunua" ambako "cho" na "ki" zinakaa pamoja bila ugomvi. Kwa Kiingereza "which" ndo hicho kitabu tayari, "it" inakuwa ya pili.

Kujificha kwa namna nyingine ni pale maneno yanapogeuzwa. "Had I known, I would have called" ina vitenzi viwili, "had known" na "would have called", na hakuna "if" popote, ile kumtoa "had" na kumweka mbele ya kiima ndo imefanya kazi ya "if". Mgeuzo kama huo utauona pia baada ya maneno ya kukanusha, au yenye "only", yakiwekwa mwanzo, "Never have I seen such a crowd", "Only then did she understand", hapo sio swali, ni msisitizo, na utaupata sana kwenye hotuba na maandishi rasmi.

Kwenye maswali mgeuzo ni wa kawaida, "Where is he?", ila swali likiingizwa ndani ya sentensi nyingine linarudi kwenye mpangilio wa kawaida, "I don't know where he is". Wengi wanaandika "I don't know where is he", "Tell me where does she live". Hiyo "where" ikishakuwa kiunganishi mgeuzo unaisha, "Tell me where she lives", na "does" anaenda nyumbani na "s" yake inarudi kwenye kitenzi.

Tuipasue moja ndefu

"Although the nurse who admitted the child had already left when the results came back, the doctor called her because he thought that she would remember what the mother said."

Usianze kutafsiri. Pita na kalamu upige mstari chini ya vitenzi vyenye wakati tu: "admitted", "had left", "came", "called", "thought", "would remember", "said". Saba. Sasa zungushia viunganishi: "although", "who", "when", "because", "that", "what". Sita. Saba kutoa moja ni sita, hakuna kilichojificha, tuendelee.

Swali linalofuata ni kitenzi kipi hakina kiunganishi mbele yake, maana huyo ndo mwenye sentensi. Kwa kila kiunganishi mpe kitenzi chake. "Who" ni wa "admitted". "Although" inaonekana iko jirani na "admitted" lakini "who" ameingia katikati akamchukua, kwahiyo "although" inaruka mpaka "had left". "When" ni ya "came". "Because" ya "thought", "that" ya "would remember", "what" ya "said". Aliyebaki bila mtu ni "called". Mwenye kitenzi hicho? "The doctor". Kwahiyo mifupa ya sentensi nzima ni "the doctor called her", daktari alimpigia, maneno manne kati ya maneno thelathini, na mengine yote ni nyama: amempigia nani, yule nesi aliyempokea mtoto, lini, wakati ameshaondoka, kwa nini, kwa sababu alidhani atakumbuka alichosema mama. Tafsiri mifupa kwanza halafu rudisha nyama kipande kipande, na pale kiima kinapokuwa mbali na kitenzi chake, kama "the nurse" na "had already left" hapo juu, kiruke kabisa kilicho katikati halafu urudi kukichukua baadaye.

Wakati wa kuandika, kipi kiwe huru na kipi kiwe tegemezi

Hili halifundishwi sana na ndo lenye faida kubwa. Ukiweka jambo kwenye kishazi tegemezi unalisukuma nyuma, kinachobaki kichwani kwa msomaji ni kile kilicho huru. Fikiria unaandika barua ya kumpendekeza mtu kazini. "Although he is slow, he is careful" umemsaidia. "Although he is careful, he is slow" umemnyima kazi, na taarifa ulizotoa ni zilezile. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya "but" na "although" jiulize unataka msomaji aondoke na lipi.

Koma kwenye sentensi changamano ni rahisi, kishazi tegemezi kikitangulia weka koma mwisho wake, kikifuata mara nyingi huihitaji. "When the results came back, the doctor called." "The doctor called when the results came back."

Kwenye "who" na "which" koma inabadilisha maana kabisa. "My sister who lives abroad is a lawyer" inamaanisha nina dada zaidi ya mmoja na ninamtaja yule wa nje. "My sister, who lives abroad, is a lawyer" inamaanisha ninayemzungumzia ameshajulikana, na hilo la kuishi nje ni nyongeza tu unayoweza kuifuta. Kwenye mkataba tofauti kama hiyo inaweza kuamua nani analipwa, soma koma zake kama unavyosoma tarakimu. Na "that" haipendi kukaa kwenye ile ya koma mbili, hapo tumia "who" au "which".

Kidogo kuhusu "if" na "when" za mambo yajayo, kishazi chao hakitaki "will" hata kama jambo lenyewe ni la kesho, "If I see him, I will tell him". Sisi tuna "nikimwona" ambayo nayo haina "ta", ukifikiria "niki" badala ya "kama nita" utapatia bila kuwaza.

Na usiandike sentensi ya vitenzi saba kama ile ya daktari eti kwa sababu umeweza kuipasua. Viwili vitatu vinatosha, changanya na fupi, fupi ya kitenzi kimoja baada ya ndefu inampa msomaji pumzi.

Jaribu na hii kabla hujaangalia jibu: "What the committee members elected last year failed to explain is why the money they were given was never spent."

Wengi wanadaka "elected" wanadhani ndo kitenzi. Weka "chosen" pale uone, "the committee members chosen last year", waliochaguliwa, haina wakati, iache. "To explain" nayo iache. Vinabaki "failed", "is", "were given", "was spent", vinne, basi tunatafuta viunganishi vitatu. "What" na "why" viko wazi, cha tatu kimemezwa kati ya "the money" na "they". "What" ni ya "failed", "why" imeruka mpaka "was spent", iliyomezwa ni ya "were given", aliyebaki bila kiunganishi ni "is". Na kiima cha hiyo "is" ni kile kipande chote kilichotangulia, kuanzia "What" mpaka "explain", yani jambo ambalo wajumbe waliochaguliwa mwaka jana walishindwa kulieleza, ni kwa nini pesa walizopewa hazikutumika kabisa.